Mlio Mmoja kwa Mji Mzima

Mimi ni fundi cherehani, na baraza ninayoshonea hapa Kilosa mjini nimeigawana na Devota kwa miaka mingi sasa. Upande wangu kuna cherehani na vitambaa vya watu, upande wake kuna jiko la mkaa, sufuria la maharage na meza ya kukandia chapati. Mtu akija kuchukua suruali yake anaondoka ameshiba, na aliyekuja kula anakumbuka kuwa zipu yake imeharibika. Tumeishi hivyo bila ugomvi mpaka simu ya Devota ilipoanza kulia.

Devota ni mtoto wa Masanze, kwa wakulima wa mahindi na mpunga. Ni mwembamba, mwepesi wa miguu, na kukaa hajui. Hata asipokuwa na mteja utamwona anafuta meza aliyokwisha kuifuta. Alisoma upishi kwenye chuo cha ufundi kule Mikumi, akapata cheti, akafanya kazi kidogo kwenye hoteli ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Zambia yanaposimama. Hoteli ikafungwa, akarudi Kilosa. Cheti chake kimo kwenye fremu juu ya jiko, na moshi umekila hata jina halisomeki vizuri. Kitu alichokuwa anakitaka ni kimoja tu: aingie kwenye jiko la kambi ya watalii kule Mikumi, jiko lenye oveni na visu vya maana, aitwe mpishi. Kuitwa mama lishe hakukuona aibu, lakini siku moja aliniambia, "Baba Hezekia, mimi najua kuoka mkate. Tangu nirudi hapa hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza."

Mwaka huu kambi moja ikatangaza nafasi ya mpishi msaidizi. Waombaji wasizidi miaka thelathini na mitano, ndivyo tangazo lilivyosema, na Devota alikuwa anaipita kabla msimu mwingine haujaja. Kwa hiyo kwake ilikuwa ni hiyo au basi. Maombi yalitakiwa kwa barua pepe, na majibu yangekuja kwa barua pepe. Devota hakuwa na barua pepe, akafanya kama tunavyofanya sote hapa: akaenda steshenari kwa Kondo.

Kondo ni kijana mwenye duka ng'ambo ya barabara, lenye kompyuta moja na printa inayokohoa. Unampa cheti chako, anakiskani, anakuandikia barua nzuri, anaituma, na wewe unarudi nyumbani moyo umetulia. Devota hakutulia. Kila wateja wakipungua anavuka barabara na unga mikononi. "Kondo, wamejibu?" "Bado, dada." Anarudi, anageuza chapati mbili, anavuka tena. Mimi nilianza kukosea mishono kwa kumtazama tu.

Mwisho Kondo akachoka. Akachukua simu ya Devota, akafungua ile programu ya barua pepe iliyokuja na simu tangu dukani, ambayo sijaona mtu hapa mtaani akiigusa, akaingiza anwani na neno la siri.

"Sasa usinivukie tena barabara," akamwambia. "Wakijibu tu, simu inalia."

Haikulia. Devota ana kawaida ya kuzima data akimaliza kuangalia alichotaka, ili bando lisiliwe bure. Hapa kwetu wengi tuko hivyo, data tunaiwasha kama koroboi, kwa shughuli maalumu. Tena simu yenyewe ilikuwa kwenye kubana chaji, kwa hiyo ile programu ililala mpaka mtu aiamshe. Akavuka barabara. Kondo akacheka, akaingia kwenye mipangilio, akairuhusu ifanye kazi hata simu ikiwa mfukoni, na pale palipotakiwa iangalie ujumbe kila baada ya muda akabadilisha, ikawa inapokea papo hapo. Akaipa mlio wa kengele, ule wa kengele ya shule. "Na data usizime hata ukilala," akasema.

Kabla Devota hajafika kwenye jiko lake, kengele ikagonga. Alisimama katikati ya barabara, bodaboda ikampigia honi, dereva akamwuliza kama amechoka kuishi. Akaifungua simu na kusoma kwa sauti: "Ndugu Yared, maombi yako ya mafunzo ya udereva yamepokelewa." Akanitazama. "Baba, Yared ni nani?"

Kabla ya jua kuzama tulikuwa tumesomewa habari za watu ambao hatujawahi kuwaona. Tumwagile alitakiwa atume tena picha, kwa sababu ile ya kwanza amevaa miwani. Kikundi cha wafuga kuku cha sijui wapi kiliombwa kiandike upya katiba yake. Kila mlio Devota anaruka, anafuta mikono kwenye kanga, anasoma, bega linashuka. Chapati zikaanza kuungua. Mteja mmoja akaniuliza kama yule dada ana presha.

Asubuhi yake akamfuata Kondo, nami nikaenda kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na hasira.

"Hizi za nani?" akauliza Devota.

"Za wateja wangu, dada," Kondo akajibu bila wasiwasi. "Nikimfungulia kila mtu imeili yake, kesho yake neno la siri kalisahau, anarudi hapa kunilaumu mimi. Nimeona tutumie moja wote. Hata namba ya simu naweka yangu. Mambo yanakwenda."

"Basi hizi za wenzangu niondolee."

"Nikiziondoa za kwao na yako inaondoka. Zote zinapita mlango huo huo."

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini ndiyo kazi iliyomfikisha kijana huyu alipo, na nusu ya watu wa mjini na vijijini wanamwombea dua. Devota akarudi na simu yake, na kengele ikaendelea.

Yake ilikuja siku ya soko. Aliisoma kwa sauti kama zile nyingine, halafu akaanza kuirudia tangu mwanzo. Kambi ilimshukuru kwa maombi yake. Walioitwa kwenye usaili walikuwa wametosha, ila yeye wamemweka mtu wa akiba, wa kwanza, na kama kuna aliyeitwa asiyethibitisha kwamba atakuja, ataitwa yeye.

"Nimekosa au nimepata?" akaniuliza.

"Uko mlangoni," nikamjibu.

Mtu asiyejua kukaa ukimwambia yuko mlangoni umemtesa. Hakukaa, hakula, simu aliiweka kwenye mfuko wa aproni, akaitoa, akaiegemeza kwenye kopo la chumvi, akairudisha mfukoni. Akaniomba nipunguze kasi ya cherehani ili asije akakosa kusikia, kana kwamba kengele ile ilikuwa na uwezo wa kutosikika.

Siku iliyofuata kengele ikagonga mapema mchana. Devota akasoma. Nikangoja aanze kutusomea, hakutusomea. Ilikuwa mara ya kwanza. Aliitazama simu mpaka mwanga wake ukazima, akaiwasha, akaitazama tena. Kisha akasema, kama mtu anayepiga soga, "Baba Hezekia, huko Chanzuru unamfahamu Magreti? Anayepika?"

"Namfahamu sana," nikasema huku mdomo umeshika pini. "Si nilimshonea aproni nyeupe alipokuwa anasomea? Binti mwenye heshima, na mkono wake ni mzuri. Alipika kwenye harusi ya binamu yangu, watu wakaulizana mpishi katoka wapi. Anaishi karibu na kanisa letu. Kwani vipi?"

Chapati iliyokuwa kwenye kikaango ikatoa moshi, ikawa nyeusi, naye amekishika kikaango kwa mkono wa pili bila kuigeuza. Ndipo akanipa simu nisome. Ndugu Magreti wa Chanzuru, umeitwa kwenye usaili wa mpishi msaidizi, Alhamisi, Mikumi. Thibitisha kwa barua pepe kabla ya jioni ya leo. Asiyethibitisha, nafasi yake itachukuliwa na mtu wa akiba.

Steshenari ilikuwa imefungwa. Kondo alikuwa msibani kwao Zombo, na namba yake ilikuwa haipatikani. Maana yake Kilosa nzima, Chanzuru nzima, ujumbe ule ulikuwa umemfikia mtu mmoja tu, na huyo mtu ndiye akiba mwenyewe.

Sikusema kitu. Wala si kwamba nilikuwa nampa nafasi ya kufikiri. Nilimpenda kuliko Magreti, basi. Nilitaka simu ile izime, jioni ifike, Devota apande gari aende Mikumi. Nikainamia suruali ya watu nikashona, na mshono ukaenda upogo.

Devota akaitumbukiza simu kwenye ndoo ya unga, akafunika. Akaosha sahani zilizokuwa safi. Akazunguka nyuma ya baraza, akarudi, akafunua ndoo, akaitoa, akaipuliza. Akampigia Kondo tena. Akaketi, jambo ambalo sijawahi kuliona mchana, na hapo hapo akanyanyuka.

"Ungeniambia humjui," akanigeukia. Macho yalikuwa yamejaa machozi na sauti ina hasira. "Angekuwa jina tu kama kina Yared, ningeweza. Wewe umeniletea na aproni yake, na harusi, na kanisa. Sasa nimfanyeje?"

Nikazitoa pini mdomoni, nikazichomeka kwenye kitambaa.

Namba ya Magreti hatukuwa nayo, kwa hiyo Devota akampigia Mudi wa bodaboda. Akafunika jiko, akaniachia wateja, akapanda na aproni yake vile vile, unga hadi kwenye viwiko. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ina matope. Niliwauzia watu maharage ya baridi, wakanitukana kwa adabu.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe jioni. Alimkuta Magreti shambani anapalilia mahindi, matope mpaka magotini. Binti akaweka jembe chini, akasema, "Shikamoo dada," Devota akaitikia marahaba, na bila kumpa salamu nyingine akamwambia ameitwa Mikumi na anatakiwa ajibu sasa hivi. Magreti ana simu ya vitufe. Kwa hiyo wakasimama kwenye tuta, wakiinua simu ya Devota juu kutafuta mtandao, na Devota ndiye aliyeandika: Mimi Magreti nathibitisha kwamba nitafika. Ndiye aliyebonyeza kutuma.

Magreti akamkumbatia, akampaka matope. Halafu akauliza, "Kwani dada wewe imekufikiaje? Unafanya kazi kwa Kondo?"

"Na mimi niliomba."

"Wamekuita?"

"Mimi ni akiba."

Binti akaokota jembe lake. Kisha akasema polepole, "Kumbe ungenyamaza tu, mimi nisingejua kamwe." Devota akamjibu kwamba ajiandae, aproni aifue na kuipiga pasi, na wakimwuliza kuhusu mkate asiseme uongo. Akarudi kwa Mudi.

Kondo aliporudi kutoka msibani, Devota alimfuata akamwambia amfungulie anwani yake mwenyewe, yenye jina lake, na hii ya watu wote aitoe kwenye simu yake. Sijamwona akisema na mtu vile, kwa utulivu wa kutisha. Kondo akaapa kwamba ataifanya kesho. Wanaomjua Kondo wanajua kesho yake.

Alhamisi ikapita. Siku mbili hizo Devota alipika vizuri, hakuunguza kitu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Jumamosi asubuhi, baraza imejaa watu wanaokunywa chai, kengele ikagonga.

Aliisoma akiwa amesimama, kijiko mkononi. Safari hii akatusomea sisi sote, kwa sauti, kama zamani: "Ndugu Magreti, tunafurahi kukujulisha kwamba umechaguliwa." Watu wasiojua lolote wakapiga makofi kwa ajili ya huyo Magreti. Mmoja akasema mji wetu unasonga mbele. Mimi nilisimamisha cherehani.

Devota akabonyeza namba aliyopewa na Magreti siku ile ya shambani, akaweka simu sikioni. Kelele za furaha zilitoka humo hata mimi nikazisikia kutoka upande wangu, vigelegele, na mtu anaitwa aje asikie. Devota alingoja mpaka zikatulia. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtiririka, hakujaribu kuyafuta. Kisha nikamsikia Magreti, sauti imeshuka, anauliza: "Na wewe dada? Wamekujibu?"

"Wamenijibu," akasema Devota. "Hiyo barua yako ndiyo jibu langu pia."

Akakata simu, akaiegemeza kwenye kopo la chumvi, akageuza chapati.