Kujifunza Lori kwa Macho

Juzi nilimsindikiza mume wangu kwenye chuo kimoja cha udereva hapa Babati, tukiwa kwenye pikipiki yake, mtoto mgongoni, maana anataka kuendesha malori na mimi sikutaka asaini peke yake. Mzee wa mapokezi akaitikia shikamoo yangu, akatusogezea fomu. "Saa ishirini za lori, na kwa bei yetu hampati kwingine."

Wakati huohuo lori la mafunzo likaingia, wakashuka wanafunzi watano. Mzee akafungua daftari, akawaandikia wote saa mbili mbili.

"Samahani baba, hao wote wameendesha?"

"Ameendesha mmoja. Wengine wanajifunza kwa macho."

"Sasa huyu wangu usukani ataushika muda gani?"

Akavua miwani, akamgeukia mume wangu. "Kijana, anayejifunza ni wewe au mama watoto?"

Wanafunzi wakacheka, na mume wangu naye, jamani, akacheka!

 Tunakaa Bonga, malori ya Dodoma yanapita hatua chache tu kutoka mlangoni kwetu, sasa ni mangapi yanaendeshwa na waliojifunza kwa macho? Unafuu gani huo? Hata ugali hujui kuusonga kwa kumtazama mama yako!

Nikamwambia mume wangu, "Miaka mitatu nakutazama ukiendesha pikipiki. Nipe ufunguo, panda nyuma na mtoto, niwarudishe nyumbani."

Alimtazama mtoto, akairudisha fomu mezani bila kuisaini.