Mashavu ya Mama Tryphosa

Ukitaka kumuona Nakhumicha akitema mate, mtajie "mpendwa wetu marehemu." Amesikia hayo maneno mpaka yamemtokea puani.

Alitoka Kimilili akiwa msichana, akaolewa Kisii, huko ambako wanaume huchonga mawe na wanawake wanasugua tu kwa msasa. Alisugua miaka mingi akachoka, siku moja akashika tindo mwenyewe. Watu walicheka, wacha wacheke. Leo ana kibanda chake Langas, hapa Eldoret, anachonga sura za marehemu za kuweka juu ya kaburi.

Juzi Wepukhulu na dada yake Ashley walifika na gari kubwa kuchukua kichwa cha jiwe cha marehemu mama yao, Mama Tryphosa, kifunuliwe Jumamosi mbele ya wageni na askofu.

"Ai! Mbona amekonda hivi?" Ashley akashtuka. "Si tulikupea picha?"

Picha walileta kweli, ya harusi ya kitambo, mama amenona anacheka. Nakhumicha aliiangalia mara moja tu, akaiweka kando. Aliyemchonga ni mama wa siku za mwisho, mashavu yamebonyea, shingo imebaki mishipa.

"Watu watasema tulimnyima chakula," Wepukhulu akanong'ona. "Mwongezee mashavu, Mama. Tafadhali."

Nakhumicha akaweka tindo chini. Hema zimekodishwa, ng'ombe wawili wanangoja kisu, na yule mama alizikwa mwepesi hata mtoto angembeba. Ptuu! Kuna watu wanajua kulisha waombolezaji tu.

"Jiwe haliongezwi," akasema. "Ukishatoa, umetoa. Kunenepesha mtu ni kazi ya akiwa hai."

"Basi chonga ingine."

"Sichongi! Mbebeni hivyo alivyo, ama mtafute fundi muongo. Hapa town wamejaa."

Wepukhulu akapandwa na hasira. "Na wewe ni nani? Ulimuona wapi mama yetu, mpaka ujue alikuwa namna gani?"

"Hapo mlangoni uliposimama," Nakhumicha akamjibu. "Alikuwa anakuja na sahani yake tupu mchana. Anasema nyinyi mmetuma chakula, ni gari tu limechelewa."

Ashley alishika jiwe upande mmoja, kaka yake akashika ule mwingine, wakamkokota mama yao mpaka kwenye gari, na mashavu yake hivyo hivyo. Jiwe lilikuwa zito. Nakhumicha hakuwasaidia.