Asembli Ina Siku Yake

Naikumbuka Jumatano moja, mwanangu, nilipofukuza wanafunzi watano bila kushika fimbo. Usilicheke hilo "mwanangu". Mimi niko kidato cha nne, wewe cha kwanza. Kwa umri wa shule mimi ni babu yako, na hizi ndevu tatu ni ushahidi.

Wakati huo bidhaa za nje ndiyo zinaanza kujaa Musoma, na Mwalimu Nyamhanga akapata kibao cha kompyuta kinachoenea kwenye sahani: chipu moja, kitaa na spika. Mkuu wa shule akatupa stoo ya mahindi iwe klabu yetu, kwa sharti kwamba Ijumaa akute wapya wameelewa kitu. La sivyo, magunia yanarudi. Mwalimu akaenda Bunda, akaniachia kazi ndogo: wafundishe wawashe taa, waizime.

Mimi nikataka waniogope. Chipu ilielewa BASIC, lugha nyepesi, nikaificha. Nikaanza na asembli, ile ya kuiamrisha chipu hatua kwa hatua kwa vifupisho na namba. Nilijaza ubao mpaka nikakosa pa kusimama. Kufika mapumziko, kati ya sita amebaki Nyanjura wa Murangi, naye nadhani alikuwa amesinzia.

Mwalimu aliporudi hakunichapa, na hapo ndipo nilipoogopa. Mzee yule alikuwaga anakuaibisha kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Kuogelea ulianzia maji ya wapi?"

"Ya magotini, Mwalimu."

"Wenzako mbona umewatupa katikati ya ziwa, kati ya Kisorya na Ukerewe?"

Nikaenda darasani kwao kuomba radhi, mmoja mmoja. Mmoja akataka nipige magoti, nikapiga. Alhamisi Mwalimu akawapa BASIC, mistari michache tu, taa ikakonyeza, stoo nzima ikashangilia. Nyanjura akataka spika ipige mluzi. Ikakoroma kama beberu.

"Kaka, mbona inajivuta?"

Mwalimu akanitazama, akanyamaza. Nikamweleza Nyanjura kwamba BASIC inatafsiriwa kwanza, mstari kwa mstari, ndiyo maana haikimbii. Nikarudi kwenye asembli ileile, na safari hii yule msinziaji akanikosoa mstari wa tatu. Alikuwa sahihi. Ijumaa mkuu alisikia mluzi kabla hajafika mlangoni. Akasimama, akasikiliza, akawaambia wapishi magunia yatafutiwe pengine.

Sijaona mwalimu mwingine anayefundisha kwa kunyamaza.

Basi, mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kwanza aone kuna kitu mvunguni. Ukipewa wapya, waanzishe na taa. Anayesema asembli haina kazi hajasikia spika ikikoroma. Ila usimpe mtu jibu kabla hajapata swali. Likimjia, mpe yote, na akikukosoa, shukuru.

Mungu akupe umeme usiokatika, na ukikatika, ukukute umeshamaliza.