Ukurasa Uliobadilika Bila Hodi

Intaneti ilipofika kwenye ofisi yetu pale Voi, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeshuka kutoka Wusi, kwetu kwenye milima ya Taita, mwaka uliotangulia, na cheti cha upigaji chapa na sweta ambalo sikulihitaji tena kwa lile joto. Ofisi ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni: feni, faksi, mashine ya fotokopi na kompyuta mbili. Mwenye ofisi alikuwa karani mstaafu wa serikali, Mtaita mwenzangu, mtu mpole asiyetupa karatasi hata moja. Nilimwita Mzee. Yeye aliniita Sekretari, hata tukiwa wawili tu.

Kompyuta moja ilikuwa yangu ya kazi. Ya pili iliwekwa pembeni, skrini ikitazama ukuta, kwa ajili ya wateja waliotaka kusoma imeli zao. Mwanzoni wateja hao walikuwa wachache mno. Walimu wawili watatu walikuja, na wazungu waliotoka mbugani wakikimbilia treni. Na alikuja yule mama.

Alikuwa mtu wa Pwani, wa umri wa mama yangu, buibui lake jeusi limepauka mabegani kwa jua. Yeye na mumewe walikuwa na duka la vitambaa mjini. Siku ya kwanza alisimama mlangoni hadi mteja aliyekuwa ndani akaondoka, ndipo akaingia na kijikaratasi mkononi.

"Mwanangu," aliniambia, "nimeambiwa hapa barua zaja bila ya kupitia posta."

"Ndiyo, mama."

"Wala hapana mtu mwengine azionaye?"

Nikamwambia hapana. Hapo akaketi.

Habari yake alinipa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi. Binti yake wa pekee aliolewa na mtu ambaye baba yake hakumtaka. Baba akaapa kwamba maadamu yu hai, binti yule hatakanyaga kizingiti chake wala jina lake halitatajwa mbele yake. Wale vijana wakahamia Maskati. Simu ilikuwa dukani, na aliyeipokea ni baba. Ufunguo wa sanduku la posta ulikaa kwenye mfuko wa kanzu ya baba. Miaka minne mama na mwana hawakupata kusikilizana, mpaka yule mkwe, aliyekuwa akifanya kazi na kompyuta, alipomfungulia mama mkwe wake anwani ya imeli kwenye mojawapo ya kurasa za bure, akaandika anwani na neno la siri kwenye kijikaratasi, akakituma kwa mkono wa msafiri.

Nilinakili maneno yale kwenye daftari langu. Kisha nikaiweka brauza, ile programu ya kufungulia intaneti, ili ikiwashwa tu ukurasa wa kwanza uwe ule wa barua zake, na mashine ikumbuke neno la siri yenyewe. Nilifanya hivyo kwa sababu alitaka kuketi peke yake. Kusoma Kiswahili alijua, polepole, midomo ikitembea. Kiingereza hakukijua kabisa.

"Tazama hapa juu, mama," nilimfundisha. "Ukiona sifuri, hakuna barua mpya. Ukiona namba nyingine, bonyeza palepale kwenye namba."

"Sifuri naijua," alisema. "Mimi nauza vitambaa."

Akawa anakuja kila Jumatano, siku ambayo mumewe hupanda gari kwenda kuuza kwenye soko la Taveta. Saa nane hivi mchana, ofisi ikiwa tupu, aliketi mbele ya mashine, akabonyeza mara mbili, akakunja mikono mapajani, akangoja laini ya simu imalize kulia na kuunganisha intaneti. Mara nyingine nilimsikia akicheka chinichini. Siku moja alilia, nikajifanya natafuta karatasi kabatini. Nilipogeuka alinionyesha mstari mmoja kwenye skrini kwa kidole: binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kike.

Majibu alinitamkia, mimi nikapiga chapa. Yalikuwa mafupi, yamejaa salamu na dua, na mwisho kila mara aliniambia niandike, "Mimi mamako sijabadilika."

Diski ilikuja kwa posta, ndani ya bahasha ngumu, kutoka kwa kampuni iliyotuuzia huduma ya intaneti. Kwenye barua walisema ni toleo jipya la brauza, la kasi zaidi, na wateja wote wanaombwa kuliweka. Mzee aliifungua bahasha ile kwa heshima kama barua ya wizara.

"Sekretari, weka hii kitu leo. Tusibaki nyuma."

Niliiweka kwenye mashine ya wateja asubuhi moja huku nikiwa na mitihani ya shule moja ya Bura ya kupiga chapa, na mwalimu wao ameketi pale benchini akinitazama mikono. Skrini ilileta maandishi ya Kiingereza, marefu, herufi ndogo kama mbegu za mchicha, na chini yake kitufe cha kuendelea. Nikabonyeza. Ikaleta mengine. Kulikuwa na vijisanduku pembeni, vyote vimeshatiwa alama ya kukubali kabla sijagusa kitu. Nikaendelea, nikaendelea, mpaka ikasema imemaliza.

Mashine ilipowaka tena, ukurasa wa kwanza haukuwa ule niliouweka. Ulikuwa wa kampuni, na matangazo yanayochezacheza, na juu upande wa kulia sanduku la barua ambalo hatukuliomba, wametufungulia wenyewe kwa jina la ofisi. Orodha ya kurasa nilizohifadhi ilikuwa imefutika. Nilirudisha ukurasa wa yule mama kwa mkono. Nilipozima na kuwasha, ule wa kampuni ukarudi. Nikarudisha tena, na wenyewe ukarudi tena. Mwalimu wa Bura akakohoa. Nikajiambia nitaliangalia jambo hili vizuri mitihani ikiisha, nikageukia kazi yangu.

Kwetu Wusi mtu hata akija kuazima jembe hupiga hodi, na hata akiwa ndugu yako hahamishi mafiga yako ukiwa kisimani. Nilikasirika kidogo siku ile, kisha hasira ikaisha. Nilichukulia kwamba ni usumbufu tu.

Jumatano ile mama alikuja. Mimi nilikuwa na rundo la karatasi, mgongo nimemgeuzia. Nikamsikia akiketi, akibonyeza, simu ikilia. Kisha akaniita.

"Mwanangu, mbona leo ina rangi nyengine? Wamebadilisha?"

Sikugeuka. Nasema wazi kwamba sikugeuka. Nilikuwa katikati ya swali la hesabu lenye sehemu na mabano.

"Eeh mama, wamebadilisha. Ni toleo jipya."

"Na barua zi palepale juu?"

"Palepale."

Alitazama. Kwenye lile sanduku la kampuni kulikuwa na sifuri, kwa kuwa hakuna mtu duniani aliyejua kwamba lipo. Akasimama, akaniaga, akaenda zake.

Alikuja Jumatano iliyofuata, na iliyofuata. Kila mara aliketi, akaona sifuri, akainuka; kuandika hakuomba, kwani alizoea kujibu tu. Baada ya mitihani zilikuja kazi nyingine, na lile jambo nililosema nitaliangalia likazama. Niliona mama amepungua maneno. Nilidhani labda mumewe amegundua, na si adabu kumwuliza mtu mambo ya nyumbani kwake. Mara moja tu alisema, akiwa mlangoni, kama anayejiambia mwenyewe, "Labda mtoto anamshughulisha." Nikamjibu kwamba watoto wachanga wana kazi nyingi. Mimi, ambaye sikuwa na mtoto.

Zikapita wiki saba.

Kisha akaja Jumatatu asubuhi, siku isiyo yake, bila kuangalia nani yumo ndani. Mzee alikuwepo, na mteja mmoja wa fotokopi. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye meza yangu.

"Hii kompyuta yenu husema uongo?"

"Kwa nini, mama?"

"Ndugu yangu amekuja jana kwa treni kutoka Mombasa. Asema, naye kasikia walipokwisha kuondoka, mwanangu alikuwa Mombasa. Na mume wake na mtoto. Siku sita, nyumbani kwa rafiki yake. Asema aliniandikia tangu mapema, akaniandikia tena na tena, nisijibu. Mimi! Na kila Jumatano nimeketi pale."

Niliinuka, nikaenda kwenye ile mashine, na safari hii nikatazama. Nikaona ile sifuri, na juu yake jina la ofisi yetu. Nikachukua daftari langu, nikaandika ile anwani ya zamani herufi moja moja, nikaandika neno la siri. Vidole vilikosea mara mbili. Ukurasa ulipofunguka, pale juu palikuwa na namba tano.

Mama alivuta kiti. "Nipishe," alisema.

Mteja wa fotokopi alikuwa ameshaelewa kwamba mahali pale si pake, akatoka nje. Mzee akasimama dirishani akitazama mabehewa. Mimi nilisimama katikati ya chumba na mikono yangu sikujua niiweke wapi. Alisoma barua zote tano bila kuinua uso. Ilichukua muda mrefu. Alipofika ya mwisho aliirudia, safari hii kwa sauti, bila kunitazama.

"'Mama, tumengoja mpaka leo asubuhi. Nimeambiwa nisipige simu dukani, sikupiga. Kama ni Baba aliyekukataza, nimefahamu. Kama ni wewe mwenyewe, pia nimefahamu. Ndege yetu ni saa tisa.'"

Halafu akauliza, kwa upole ambao natamani usingekuwepo, "Ni nani aliyeuondoa ukurasa wangu?"

Nikamweleza: diski, herufi ndogo, vijisanduku vilivyokuja vimeshakubali, jinsi nilivyorudisha ukurasa wake ukakataa kukaa. Na nikamweleza kwamba nilijua. Kwamba aliponiuliza kuhusu rangi, nilijua, nikamjibu bila kugeuka.

Alitikisa kichwa taratibu. "Ulikuwa na kazi," alisema.

Tuliandika jibu siku ileile. Alitaka niandike kila kitu, nami nikaandika. Lakini hebu fikiria barua ile ilivyosomeka kwa mtu aliyekaa siku sita Mombasa akisikiliza mlango: mwendo wa saa tatu tu kutoka kwa mamake, na sababu anayopewa ni kwamba brauza ilibadilisha ukurasa. Nikaandika nyingine kwa jina langu, nikikiri kosa. Aliyejibu ni mkwe. Jibu lake lilikuwa la adabu. Alisema yeye hufanya kazi na kompyuta kila siku na hajapata kuona programu ikihamisha barua za mtu hivyo; na kwamba mkewe amechoka, hataki tena visingizio, aachwe apumue.

Mzee aliandikia kampuni kwa faksi, kurasa mbili, na nakala tatu za kuhifadhi. Walimjibu kwa aya moja. Walisema mabadiliko yote yameelezwa kwenye masharti, na kwamba programu haiwezi kuwekwa mpaka mtumiaji akubali.

Mzee aliniletea ile karatasi. "Ulisoma hayo masharti?"

"Sikusoma, Mzee."

"Wanasema ulikubali."

"Nilibonyeza tu."

Aliikunja karatasi, akaitia kwenye faili. "Kwao ni kitu kimoja," alisema.

Fundi kutoka Mombasa ndiye aliyeiondoa ile programu baadaye, baada ya kuhangaika nayo siku nzima. Ukurasa wa mama ukarudi mahali pake. Mama aliendelea kuja Jumatano, ingawa si zote. Sasa hakutaka kuketi peke yake. Aliniomba nisimame karibu, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba hiki ni chake na hii ndiyo namba ya kweli. Namba ya kweli ilikuwa sifuri. Baada ya miezi miwili ilikuja barua moja, ya mistari mitatu: wamehama, mtoto hajambo, salamu. Haikusema wamehamia wapi. Mama aliniambia nijibu, na alipofika mwisho nikangoja yale maneno yake ya siku zote. Hakuyasema. Sikumkumbusha. Kisha akaacha kuja.

Nilipata kazi ya ukarani kwenye shule moja Bura, nikarudi milimani kwenye baridi yetu. Kabla ya kuondoka nilikwenda sokoni Voi kununua vitu vya kwenda navyo, nikamkuta akichagua nyanya. Tulisalimiana vizuri. Aliniuliza hali ya mama yangu na kama mvua imefika kwetu. Nikakusanya ujasiri, nikamwuliza habari za binti.

"Yupo salama, alhamdulillahi," alisema. Akaigeuza nyanya moja mkononi, akaiona ina doa, akairudisha. "Babake amepooza upande mmoja. Hawezi tena safari ya Taveta, hata mlango wa chooni hafiki peke yake. Mimi ndiye nimlishaye uji."

"Pole, mama. Na yeye, binti, anajua?"

"Nimwandikie wapi, mwanangu? Hata ile ya mwisho hakunijibu."

Nilitaka kumwomba msamaha tena. Nilikuwa nimeuandaa kichwani kwa wiki nyingi, kwa maneno mazuri kuliko yale ya siku ile ofisini. Lakini watu walikuwa wengi nyuma yetu, na mwenye nyanya alikuwa ameshamnyooshea mfuko. Akaupokea, akaniombea safari njema. Nikampisha apite.