Askari Aliyesubiri Jeshi la Waingereza

Tonny Mwiti alijiwekea kanuni moja alipofika Dubai, na hakuivunja hata siku moja: asitie sahihi karatasi yoyote itakayomzuia kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Hakuchukua mkopo wa gari. Hakuingia chama cha kununua shamba na wenzake wa Meru. Kwa Everlyn, mchumba wake aliyekuwa Nanyuki, alisema kwamba kupeleka posa kwao kutangoja kidogo. Alitaka barua ya jeshi la Uingereza ikija imkute mwepesi.

Nimekaa naye chumba kimoja cha kampuni huku Qusais kwa miaka sita, watu sita, vitanda vya ghorofa. Namwandika kwa sababu alikuwa mtu mwadilifu. Walevi na wazembe wanajulikana wanavyopotea, lakini huyu alipotea akiwa mwangalifu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Alizaliwa karibu na Nanyuki, mahali Waingereza wanapokuja kufanya mazoezi ya vita. Alipomaliza shule alipata kibarua kambini mwao, kufyeka nyasi na kupakia mahema. Huko sajini mmoja alimwambia kwamba mtu wa Jumuiya ya Madola anaweza kuajiriwa jeshini kwao. Sajini yule bila shaka alisahau maneno hayo kabla ya chakula cha mchana. Tonny aliyabeba hadi Dubai, alikokuja mwaka 2018 kulinda jengo la ghorofa mtaa wa Al Twar.

Mwaka huohuo Uingereza ikatangaza kwamba itachukua watu zaidi kutoka Jumuiya ya Madola, hata wasiowahi kuishi kwao. Tonny akaona mlango umefunguliwa kwa ajili yake. Akaomba. Akajibiwa kwamba nafasi zimejaa, ajaribu tena. Akajaribu tena. Ikaja korona. Akajaribu tena.

Huku akingoja, alisoma. Sijaona Mwingereza anayeijua serikali yake kama alivyoijua Tonny. Alijua bajeti ya ulinzi ni asilimia ngapi ya pato lao, alijua wanajeshi wamepungua kufikia wangapi, alijua waziri gani amejiuzulu na kwa nini. Walipojitoa Umoja wa Ulaya alitueleza, amesimama katikati ya chumba na taulo kiunoni, kwamba sasa vijana wa Ulaya wanaofanya kazi kwao watarudi makwao, na vijana wa Kiingereza watakimbilia kazi hizo badala ya kwenda jeshini.

"Kwa hiyo nani atabeba bunduki?" akauliza. "Ni mimi."

"Waziri wa Ulinzi amesema," akajibu Jairus, Mluhya wa kitanda cha juu. Tangu siku hiyo jina likawa hilo. Asubuhi mtu akiamka: "Waziri, London wamelalaje?"

Hakukasirika. Aliamka kabla ya alfajiri, akakimbia kilomita nane kabla joto halijapanda, akarudi kupiga pasi sare yake ya ulinzi kama mtu anayekwenda gwaride. Alijua pia kwamba mlango una kikomo. Kwa jinsi alivyosoma masharti, mtu akitimiza miaka thelathini na sita kabla ya kuingia, basi. Yeye alikuwa atimize mwezi wa Oktoba 2025.

Februari ya mwaka huo serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba itaongeza fedha za ulinzi, kwa kuwa Urusi inatisha na Amerika haitegemeki tena. Tonny alisoma habari hiyo akiwa zamuni, na jioni akaingia chumbani na sinia la biriani la watu sita. Hatukuwahi kumwona akinunulia mtu hata soda.

"Kuleni, jamani. Wameongeza. Jeshi linapanuka."

"Hizo pesa wanazitoa wapi?" Jairus aliuliza, mdomo umejaa.

"Wamepunguza misaada ya nje."

"Misaada ya nani?"

"Ya watu huko."

"Watu huko ni akina nani, Waziri? Si ni mamako na mamangu?"

Tukacheka wote, na Tonny akacheka kuliko sisi. Akalipiga picha sinia lile akamtumia Everlyn.

Everlyn namfahamu kwa sauti tu, maana chumba cha watu sita hakina simu ya siri. Alikuwa mhudumu wa afya katika mradi mmoja upande wa Dol Dol. Kazi yake ilikuwa kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu nyumbani kwao, kuhakikisha wamemeza dawa kila siku mpaka wapone. Mradi ule ulilipwa na Waingereza. Tonny alijua. Akili yake, iliyokumbuka kila tarakimu ya bajeti ya London, haikuunganisha mambo hayo mawili.

Julai Everlyn alipiga simu Jumapili mchana. Tonny alikuwa anakata vitunguu, akaweka simu juu ya meza na sauti ikatoka kwa wote.

"Wametuita ofisini," Everlyn alisema. "Mwisho wa Agosti tunafunga. Wamesema pesa zimehamishiwa ulinzi."

Tonny aliacha kukata.

"Tonny, si hizo ndizo ulizonunulia watu biriani?"

Jairus akashuka kitandani akatoka nje. Nami nikatoka. Kuna mambo ambayo hata mtu wa mzaha anayaheshimu.

Wiki ileile mambo yalimjia vizuri upande wa pili, na hapa ndipo namlaumu. Meneja wetu, Bwana Hashir, Mpakistani asiyesifu mtu ovyo, alimwita. Mkuu wa zamu wa Al Twar alikuwa anarudi kwao Nepal, na Hashir alimtaka Tonny ashike nafasi hiyo. Mshahara wake ungemtosha kupata kibali cha kumleta mke. Sharti lilikuwa moja: kampuni itamlipia kozi na cheti cha usimamizi, naye atie sahihi kwamba hataondoka kabla ya miaka miwili.

"Nitafikiria, sir," Tonny alisema.

"Unafikiria nini? Wenzako wanalia kwa nafasi hii. Yalla, nipe jibu kabla ya mwisho wa Agosti."

Everlyn alimwomba waziwazi. "Tia sahihi. Njoo kwetu na wazee wako, tufunge ndoa, nije huko. Sitaki kusikia habari za Waingereza tena."

"Imebaki miezi mitatu tu, mpenzi. Dirisha la maombi likifunguliwa Septemba nikiwa nimefungwa huku, je?"

"Na lisipofunguliwa?"

"Wana fedha sasa. Lazima wachukue watu."

Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa la mtu aliyesoma sana bila wa kumpinga. Alidhani fedha za ulinzi ni watu. Mapema Juni Waingereza walikuwa wametoa ripoti ndefu ya mipango yao, na Tonny aliisoma yote kwenye simu, zamu tatu mfululizo. Ilizungumzia nyambizi, makombora na ndege zisizo na rubani. Kuhusu askari wa miguu ilisema kidogo, na kwa maneno ya tahadhari. Yeye alishika sentensi hizo chache, akaziacha kurasa nyingine zote.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa ukali, kama ningemwambia ndugu yangu, kwamba mtu hapangi ndoa yake kwa kalenda ya bunge la watu wengine. Akaniambia, "Kaka, wewe huna ndoto." Labda ilinipasa nimwambie tena.

Siku ya mwisho ya Agosti alikwenda ofisini kwa Hashir akiwa na sare iliyopigwa pasi, akasema hapana kwa adabu. Hashir hakubishana. "Khalas, basi," alisema, na kabla ya saa sita nafasi ikawa ya Ignatius, Mganda ambaye Tonny mwenyewe alimfundisha kuandika daftari la wageni.

Septemba ikapita bila chochote. Oktoba, asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa, hakukimbia. Alikaa kitandani akafungua ule ukurasa wa maombi, akajaza tarehe zake. Jibu lilikuja palepale, la mashine, lenye adabu: hatimizi masharti ya umri. Alilisoma akaniwekea simu mkononi ili na mimi nilisome, kana kwamba nitaona kitu tofauti.

Serikali ile haikumdanganya. Haikuwahi kumjua. Ilifanya hesabu zake mezani, ikatoa huku ikaweka kule, na watu wawili waliopendana walikuwa kila mmoja katika safu yake bila mtu yeyote kule kuona majina. Hilo halimwondolei Tonny lawama. Mwenye kumthamini alikuwa Hashir, aliyemjua kwa jina na kwa kazi, na huyo ndiye ambaye Tonny alimkataa.

Novemba alimpigia Everlyn kusema sasa yuko tayari, wazee waende. Everlyn alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tonny, mwalimu mmoja wa Timau ameshaleta wazee. Nyumbani wamekubali. Nami nimekubali."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia Julai. Nilikuambia Agosti."

Everlyn na mwalimu yule walioana Januari. Tonny bado analinda jengo lilelile la Al Twar, na kila asubuhi Ignatius ndiye anayempangia lango la kusimama. Kungoja kwake kumemgharimu miaka saba, cheo alichostahili, na Everlyn.