Mkono Unaokata Maziwa

Nilipigwa marufuku kugusa maziwa nikiwa na umri wa miaka tisa. Mama alinituma nichemshe maziwa ya chai kwa sababu kulikuwa na wageni wa kanisa sebuleni. Nikasimama kando ya jiko bila kupepesa macho, na bado yakakatika. Yakawa vipande vyeupe vinavyoelea kwenye maji ya rangi ya majani makavu. Wiki iliyofuata yakakatika tena. Mara ya tatu mama alinipokonya mwiko akatangaza mbele ya ndugu zangu wote kwamba mkono wangu unakata maziwa. Kuanzia siku hiyo nichote maji, nichanje kuni, nipare samaki, lakini maziwa nisiyaguse.

Watu wa kwetu kando ya ziwa wakikubandika jambo, halibanduki. Niliolewa nalo. Nyumbani kwangu mume ndiye huchemsha maziwa, na wanangu walikua wakidhani ndivyo ilivyo katika nyumba zote. Mimi ni fundi wa kushona. Mkono huu huu umeshona sare za shule mbili nzima, umerekebisha gauni la bibi harusi akiwa amekwisha kulivaa na gari linapiga honi nje. Lakini mama akinitembelea na mimi nikainua jagi la maziwa, bado husema, "Weka chini, mwachie mwenye mkono." Hucheka akisema hivyo. Mimi sikuwahi kucheka.

Sasa fikiria siku mteja wangu mmoja aliponiambia kwamba huko Nyamira, karibu na Ikonge, kuna mwanamke anayefundisha watu kutengeneza jibini nyumbani kwake, kwa mikono, bila mashine. Nilimuuliza jibini hutengenezwaje.

"Unachemsha maziwa, halafu unayakata kwa ndimu," akasema, kana kwamba ananieleza jinsi ya kuosha vyombo.

Mkasi ulinidondoka. Kumbe kuna mahali watu wanafunga safari kwenda kujifunza kukata maziwa! Usiku huo nilimwambia mume wangu, akacheka mpaka akashika ubavu, akaniambia mimi niende kufundisha, si kufundishwa. Nikamwambia acheke tu. Mama ana miaka themanini na kitu, meno yamebaki machache, na nilitaka kabla hajaniacha ale kitu kimoja cha maziwa kilichopita katika mkono huu. Kimoja tu, akimeze, akijua ni changu.

Mwalimu aliniambia kwa simu nije na kitambaa safi cha pamba cha kuchujia. Wengine huchukua chochote kilichopo kabatini. Mimi nilikata pamba nyepesi nzuri, nikaipinda pembe zote nne, nikashona pindo mara mbili, nikaichemsha na kuipiga pasi. Mume wangu aliuliza kama naenda darasani au kubatiza mtoto.

Jumapili nilipofika Ikonge, baridi ilinikuta na blauzi ya ziwani, ile inayopitisha hewa. Mwalimu, mwanamke wa rika langu, mfupi, mwenye aproni yenye mifuko minne, alinitazama mara moja akaingia ndani akatoka na sweta la mumewe. Nikalivaa bila kubisha. Jiko lake liko nyuma ya nyumba, na mlango wake unatazama mteremko wa majani chai yaliyopunguzwa sawasawa kama nywele za mtoto siku ya kufungua shule. Anayalima majani hayo na kuyauza, ila yeye mwenyewe hanywi chai, kwa sababu ya imani yake. Alitupa uji wa wimbi.

Tulikuwa wanafunzi watatu: mimi, na dada wawili kutoka Mosocho wenye kibanda cha mandazi, waliotaka kuongeza kitu mezani. Mwalimu alitueleza alivyoanza.

"Gari ya maziwa inakuja asubuhi peke yake," alisema. "Ya jioni nani atanunua? Tulikuwa tunapea ndama mpaka ndama anatuangalia vibaya. Ndio nikaenda nikafunzwa hii kitu."

Alitaka kila sufuria ipate macho yake yote, kwa hiyo tungepika kwa zamu. Nikajitolea kuwa wa kwanza kabla hajamaliza sentensi. Dada mmoja alinitazama akatabasamu, akidhani ni ujasiri. Haukuwa ujasiri. Nilikuwa nimesubiri zaidi ya miaka arobaini na sikuwa na subira iliyobaki hata ya dakika kumi.

Maziwa yalianza kupanda. Mwalimu akasema niepue. Akanipa kikombe cha maji ya ndimu na kijiko, akaniambia nimimine kidogo kidogo huku nikikoroga polepole, nisifanye haraka. Kijiko cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Nikaanza kuogopa kwamba siku hii moja ninayotaka yakatike, yatakataa kwa ukaidi tu. Kijiko cha nne, nikaona chembe nyeupe. Cha tano, yakaachana: nyama nyeupe huku, maji ya kijani-njano kule, yaleyale niliyoyaona nikiwa na miaka tisa.

"Vizuri sana!" mwalimu alisema. "Umekata vizuri kabisa!"

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, ila kuku walitawanyika. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunisifu juu ya sufuria ya maziwa, na hapa mtu ananisifu kwa kosa lilelile. Mwalimu akaniambia nifunike, nisikoroge tena, niache yatulie huku sisi sote tukienda kukata majani ya mgomba ya kuandalia jibini. Nilikwenda nikiimba.

Tuliporudi, sufuria yangu ilikuwa juu ya moto. Iling'aa kwa kusuguliwa na jivu. Ndani yake kulikuwa na maziwa mapya, meupe, mazima, hayana hata tone la ndimu. Kando yake alisimama mama mkwe wa mwalimu, mwanamke mzee anayeishi katika boma hilo hilo. Asubuhi hiyo alikuwa kwa jirani, kwa hiyo hatukuwa tumemwona. Alinishika kiwiko, akanivuta mpaka kwenye rundo la kuni, akaninong'oneza kwa Kiswahili chake kidogo.

"Omogeni," aliniita, yaani mgeni, "usisikie aibu. Maziwa yako ilikatika. Nimemwaga huko kwa ndizi, nimeosha sufuria, nimeweka ingine. Hakuna mtu ameona."

Nilitazama kwenye migomba. Kuku walikuwa wanamalizia jibini yangu.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Jibini yangu ya kwanza, mkono wangu uliosifiwa, vyote shingoni mwa kuku! Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa je, yakiwa yameshafika kwenye firigisi? Nilifungua mdomo nimwambie. Halafu nikaona jinsi alivyokuwa ananitazama, na jinsi alivyosimama ili mwili wake unikinge wenzangu wasinione. Alikuwa ananificha. Mimi, mgeni asiyemjua, aliyemkuta amevaa sweta la mwanawe. Nilipokuwa na miaka tisa sikufichwa na mtu. Laiti mtu mmoja tu katika jiko la mama angemwaga yale maziwa na kuosha sufuria kabla wageni hawajajua. Machozi yakanijaa, nikajikaza kisabuni, nikamwambia asante.

Mwalimu ndiye aliyegundua. Alifunua sufuria, akakunja uso, akamwuliza mama mkwe wake kwa Ekegusii, lugha yao. Yule mzee alijibu kwa fahari. Mwalimu akaketi chini kwenye kigoda, akaficha uso kwenye aproni, na mabega yakaanza kutikisika. Dada wa Mosocho walielewa Ekegusii, wakaanguka wakicheka. Mwalimu alipoweza kusema, alimweleza mama mkwe kwa heshima zote kwamba jibini ndiyo ileile aliyoimwaga, kwamba lazima maziwa yakatike kwanza. Mzee alikuwa akiiona jibini ikiwa tayari, tofali jeupe kwenye sahani, na miaka yote alidhani inaganda yenyewe taratibu kwenye chombo, kama maziwa yake ya mgando yanavyoganda kwenye kibuyu. Kwake yeye maziwa yaliyokatika motoni ni aibu ya mpishi, na aibu ya mgeni ni kazi ya mwenye boma kuifukia.

Alivuta kitambaa cha kichwani akafunika mdomo. "Yaya, yaya, yaya," alisema. Hapana, hapana, hapana.

"Na hii maziwa umetoa wapi, mama?" mwalimu aliuliza.

Mzee akajitia kupanga kuni. Mwalimu akatazama kibuyu kilichotundikwa ukutani, akakishika, kilikuwa kitupu. Maziwa aliyonipa yalikuwa yake, yale aliyoyatenga asubuhi kwa ajili ya kibuyu hicho. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Huyu mwenyeji alikuwa amejipunja ili mgeni apone.

Kwa hiyo mara ya pili nilipika maziwa ya mzee, na mzee akavuta kigoda akaketi karibu yangu kabisa, goti kwa goti. Nilipoinua kijiko cha ndimu alinidaka mkono. Nguvu za miaka mingi ya kuchuma chai ziko kwenye vidole vile! Mwalimu akamsemesha, mzee akaniachia, lakini alifumba jicho moja kama anayetazama mtoto akidungwa sindano. Kijiko cha nne, chembe. Cha tano, yakakatika. Mzee akainama juu ya sufuria, akatazama nyeupe na njano zikiachana, akanitazama usoni kutafuta aibu, hakuiona, akaanza kucheka. Nikacheka naye. Tulicheka mpaka mate yakanipalia.

Kuanzia hapo ilikuwa raha mtindo mmoja. Nilitandaza kitambaa changu juu ya chungio, na mwalimu akalipapasa pindo akasema hajawahi kuletewa kitambaa cha maana namna hiyo. Tukamimina, tukasuuza kwa maji baridi, tukatia chumvi, nikakamua. Maji ya maziwa ndama aliyapata, na safari hii hakulalamika. Juu ya kifurushi mwalimu aliweka ubao, na juu ya ubao kiboko wa kuchongwa kwa jiwe la sabuni, mzito, aliyekatika sikio akakosa mnunuzi.

"Huyu ni wa kwenu huko ziwani," mwalimu alinitania. "Amekuja kukusaidia."

Saa moja baadaye, dada wa Mosocho wakiwa wamemaliza zamu zao, tulifungua yangu. Ilikuwa duara, imara, ina alama ya nyuzi za kitambaa changu kila upande. Mwalimu alikata vipande vyembamba, tukala na ndizi za kuchemsha. Ilikuwa tamu, laini, ina chumvi ya kutosha, na inalia kidogo ukiitafuna. Mzee alikula kipande chake, kisha akanyoosha mkono apewe kingine. Nilitaka kumwachia nusu, akakataa. Alinifungia jibini yote kwenye jani la mgomba yeye mwenyewe, mwalimu akaongeza chupa ya maji yaliyogandishwa ili joto la kwetu lisiiharibu njiani.

Jioni hiyo hiyo nilipitia kwa mama. Alikuwa nje, miguu kwenye beseni la maji. Nilimwekea kipande kwenye kiganja. Alikinusa, akakiweka upande wa meno yaliyobaki, akatafuna kwa makini.

"Hii nini?"

"Maziwa, mama."

"Nani ametengeneza?"

"Mimi."

Taya lake lilisimama. "Na hayakukatika?"

"Yalikatika," nikamwambia. "Yalikatika mara mbili. Na nikasifiwa." Nikamsimulia yote, kuku, kibuyu, kiboko. Nilimwambia pia kwamba mzee wa Ikonge alinificha, na nilipofika hapo sauti yangu haikuwa ya utani. Mama aliacha kutafuna. Alitazama maji ya beseni. Hakuomba msamaha. Mama yangu haombi msamaha, na sikuwa nimeutarajia. Alimeza, akanyoosha kiganja apewe kingine.

"Lala hapa leo," alisema baadaye. "Kesho chai utapika wewe."

Sikulala vizuri kwa furaha. Alfajiri nilichukua maziwa ya jioni yaliyokesha kwenye kopo, kwa maana mama hana friji, nikayaweka motoni, nikasimama kando bila kupepesa macho. Yalianza kupanda. Halafu, mbele ya macho yangu, bila ndimu, bila mtu kuyaambia lolote, yakakatika.

Niligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Alikuja polepole, akachungulia sufuria, na mimi nikawa na miaka tisa tena, nikisubiri kupokonywa mwiko.

"Leta kile kitambaa chako," mama akasema.