Kiti cha Matangani

Baba yangu alikuwa waziri kwa muda mrefu hata nikadhani uwaziri ni kitu cha kuzaliwa nacho, kama usharifu. Alichaguliwa mwakilishi wa jimbo letu la Kengeja mimi sijaota meno, kisha akapewa wizara, akahamishiwa nyengine, akahamishwa tena. Kilimo, maji, elimu, na mwishowe ile wizara yenye jina refu ambalo mama hakuwahi kulimaliza bila kuvuta pumzi katikati. Marais walikuja wakaondoka, yeye yumo. Aliishi Unguja kwa sababu ya kazi. Mama alibaki Pemba, hapo Kengeja, na mihogo yake.

Sasa, huku kwetu siasa haikuishia kwenye sanduku la kura. Watu walisusiana. Wa chama hiki hanunui samaki kwa wa chama kile, haendi harusini kwake, na baya kuliko yote, hamzikii maiti wake. Baba alikuwa wa serikali, na kijiji karibu chote kilikuwa upande wa pili; kura zake zilitoka vijiji vyengine. Bibi yangu, mama yake baba, alipofariki, kijiji kikasusa. Yalikuja mashangingi ya serikali kutoka uwanja wa ndege, na wachimba kaburi wakaletwa na lori kutoka Chake. Jeneza lilipopita, majirani walikuwa wamekaa kwenye baraza zao wakilitazama. Hakuinuka mtu kulipokea. Baba aliwekewa kiti, maana waziri hakalishwi jamvini, akakaa hapo nyumbani kwa mama yake akihaniwa na watu ambao hawakuwahi kumwona marehemu.

Baadaye wakubwa wakapatana, wakapeana mikono kwenye televisheni. Baba akaja na habari kwamba mambo yamekwisha. Mama alikuwa anapepeta mchele, akamjibu bila kuinua kichwa kwamba waliopatana ni wao wa juu, hapa kijijini hajaja mtu kuuliza. Yeye hakuwa amengoja kupatanishwa. Miaka yote ya kususiana alikuwa akipika wali kila palipotokea msiba, anajitwika sufuria, anakwenda. Nyumba nyengine zilimrudisha mlangoni. Alirudi nalo kichwani, akatupakulia sisi, tukala. Kukitokea msiba tena, anapika tena. Nikimwambia anajidhalilisha, ananiambia nile, wali utapoa.

Baba alitolewa kwa redio. Majina ya mawaziri wapya yalisomwa asubuhi moja amekuja Kengeja kututazama, tunakunywa chai, la kwake halimo. Akapunguza sauti, akaomba sukari zaidi, na mama aliyekuwa akimzuia sukari siku zote akamsogezea kopo. Uchaguzi uliofuata chama chake chenyewe kikampitisha mtu mwengine. Kiti kikaenda hivyo. Akarudi Kengeja na masanduku yake na kanzu nyingi kuliko misikiti ya kuzivalia.

Nilipokwenda kumtazama kutoka Madungu, ninakosomesha, aliniambia jambo moja tu. "Nataka nizikwe na watu. Si na magari."

Akaanza kwenda kila msiba. Hata kisiwani Fundo alivuka mara moja, na mashua humtapisha. Na kila alikokwenda aliletewa kiti. Karibu Mheshimiwa, kaa hapa Mheshimiwa. Kiti cha plastiki, mara nyengine cha kuazimwa skuli. Wenzake wote wako jamvini, bega kwa bega, wanasoma, yeye yuko juu peke yake na msahafu mapajani. Mgeni angesema anaheshimiwa. Wapemba tunajua kumtenga mtu kwa adabu. Siku moja alikikataa kiti, akasimama ukingoni mwa jamvi akisubiri. Hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyesogea. Akarudi kitini.

Mwaka jana, mvua za vuli zikianza, mama alianguka akimenya mihogo, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafariki. Nilifika, nikaingia chumbani, nikashirikiana na wanawake kumwosha. Sijui maji yalikuwa baridi au moto. Nilikuwa na ganzi, na nasema kweli, haijanitoka mpaka leo. Sikulia. Baba alikuja nyuma ya pazia akaniuliza neno moja. "Wamekuja?"

Nikachungulia dirishani. Walikuwa wamekuja. Kijiji kizima, na majembe yao, na majamvi yametandikwa mpaka uwanja wa jirani. Jikoni, mwanamke aliyewahi kumfungia mama mlango alikuwa anakoroga uji wa wageni.

Baba akatoka. Mtu akaleta kiti, kama kawaida. Jirani yetu mzee, ambaye siku ya jeneza la bibi alibaki barazani kwake, alinyanyuka, akakichukua kile kiti, akakipitisha nyuma.

"Hatukuja kwako, bwana," alimwambia. "Tumekuja kwa nkeo. Lakini ntu aliyefiwa hakai kitini. Kaa chini."

Wakasogea. Baba akashuka polepole, mkono begani kwa huyu, mkono begani kwa yule, mpaka akafika jamvini.

Magharibi, walipokwisha kuzika na kukaa tena jamvini, walimwinua kwa kumshika makwapani. Alikuja kwangu uani. Alisema wamesogea, je, nimeona walivyosogea, na uso wake ulikuwa na furaha niliyoionea haya. Nikasema nimeona. Nilitaka kumwambia kwamba pale alipokaa pamenunuliwa na mama, sufuria kwa sufuria, lakini nikamkung'uta mchanga wa kaburini kanzuni. Furaha ikamwisha.

"Na mie nikifa," akauliza, "watakuja kwa nani?"

Baada ya kuanua matanga nikasikia amefariki mtu nyumba za bondeni. Nikaosha mchele, nikapika katika sufuria lile lile la mama. Sikuhisi kitu, wala huruma. Nikajitwika, nikaenda.